Maalim wa Langoni auliza: tuipangieje hazina yetu ya kidijitali miaka kumi ijayo?

Swali: "Assalamu alaykum. Madrasa yetu hapa Langoni, Lamu, ina hati za mkono, nyingine za Kiarabu na nyingine za Kiswahili kwa khati ya Kiarabu. Mwaka 2018 zilipigwa picha, kurasa kama elfu tisa, zikawekwa kwenye DSpace, programu ya kuhifadhia hati na kuzionyesha mtandaoni, toleo la 6. Kijana aliyetusimikia mtambo amepata kazi Nairobi. Sasa mmoja anatwambia tuhamie toleo jipya, mwingine anatwambia DSpace imepitwa na wakati tutafute programu nyingine, na mfadhili anataka mpango wa teknolojia wa miaka kumi. Tuuandikeje mpango wa kitu ambacho wanaokitengeneza wako mbali na hatuwajui?"

Jibu: Waalaykum salaam, Maalim. Nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Mpango wa miaka kumi uandike juu ya hati. Programu uipe mpango wake mfupi, wa miaka miwili, unaopitiwa kila mwaka. Mfadhili akiuliza mtakuwa mnatumia programu gani mwaka 2035, ameuliza jambo ambalo hata wanaoitengeneza DSpace hawawezi kulijibu. Lakini ukimwambia kwamba mwaka 2035 kila ukurasa utafunguka, utajulikana ni wa kitabu gani na aliunakili nani, na utapatikana kwa anwani ile ile inayoandikwa leo, hiyo ni ahadi mnayoweza kuitimiza.

Tazama DSpace ilikotoka. Ilitolewa Novemba 2002, kazi ya chuo cha MIT cha Marekani pamoja na maabara za HP. Mwanzoni ilikuwa na sura moja tu ya kuonekana kwa msomaji, JSPUI. Mwaka 2008 ikaongezwa ya pili, XMLUI, na tangu hapo kila jambo jipya likawa linafanyiwa kazi mara mbili. Taasisi nazo zikazama katika kupamba: rangi, nembo, kurasa za mbele, wengine wakaingia hadi ndani ya msimbo wakabadilisha walivyotaka. Toleo la 6 likatoka Oktoba 2016. Kisha jumuiya ikaamua kuziacha sura zote mbili na kuandika moja upya kwa Angular, zana ya kujengea kurasa za tovuti, sura inayozungumza na seva kupitia njia iitwayo REST. Toleo hilo la 7 lilitoka Agosti 2021, karibu miaka mitano baadaye. Waliokuwa wamepamba sana walianza moja. Waliokuwa wametumia DSpace kama ilivyo walihama bila kilio.

Toleo la 6, hilo mlilo nalo, liliachwa rasmi tarehe 1 Julai 2023. Maana yake ni kwamba tundu la usalama likigunduliwa leo, hakuna wa kuliziba. La 8 lilitoka Juni 2024, la 9 likafuata Mei 2025. Kwa hiyo anayekwambia mhame ana haki, ila asikwambie kwamba mkishahama mtapumzika.

Na si kwamba wale waandishi wa programu wanapenda kuwasumbua. Nao wamesimama juu ya vitu vya wenzao. Angular hutoa toleo kubwa kila miezi sita, na kila moja huhudumiwa miezi kumi na minane tu. Java, lugha iliyoandikiwa sehemu ya seva, hutoa toleo la kudumu kila miaka miwili. PostgreSQL, hifadhidata ya chini yake, hutoa toleo kila mwaka na kulihudumia miaka mitano. DSpace haina kauli juu ya lolote kati ya hayo. Wewe ni mtu wa Lamu, unajua safari ya Faza. Nahodha hapiti mkondo wenye kina kifupi maji yakiwa yamekupwa, hata abiria wawe na haraka ya namna gani. Anajua bamvua na maji mafu, anapanga safari yake humo. Kalenda hizo tatu ndizo maji yenu. Ziandikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango, na kila mwaka mwezi mmoja, baada ya Ramadhani kwa mfano, mkae mzitazame: nini kimeisha muda, nini kitaisha kabla ya mwaka ujao. Kikao hicho cha siku moja kwa mwaka kina faida kuliko jedwali la miaka kumi.

Sasa nikuonyeshe kitu kimoja kwa karibu, maana hapa ndipo hazina nyingi hupotelea. Mwombe anayeweza kuingia kwenye seva yenu afungue folda iitwayo assetstore. Mtakuta folda zenye majina ya tarakimu mbili mbili, ndani yake nyingine za tarakimu mbili, ndani yake nyingine tena, na chini kabisa mafaili yenye jina la mfululizo mrefu wa tarakimu, bila hata .tif au .pdf mwishoni. Ukurasa wa kitabu cha nahau umo humo, na ukurasa wa wasia wa mtu umo humo, na kwa jina huwezi kuutambua huu na ule. Anayejua tarakimu zipi ni hati ipi ni hifadhidata peke yake.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye taasisi moja ya pwani, diski ya seva imekufa. Fundi wao alikuwa akinakili assetstore kila Ijumaa kwa uaminifu kabisa, hakukosa hata wiki moja. Hifadhidata hakuwahi kuinakili, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Tulikuwa na kila faili na hatukuwa na jina hata moja. Tukakaa watu watatu, tukawa tunafungua faili moja moja, tunasoma, tunaandika kwenye daftari. Kuna hati ambazo mpaka leo hazijatambuliwa, kwa sababu mzee aliyekuwa akizijua alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kila nikiulizwa juu ya mustakabali wa teknolojia hii, nakumbuka lile daftari.

Ndiyo maana jambo la kwanza katika mpango wenu liwe hili: kuwe na nakala ya hati zote ambayo mtu anaweza kuisoma bila DSpace. Folda moja kwa kila hati, yenye namba fupi ya kudumu. Ndani yake picha za kurasa kwa mpangilio wake, faili dogo la maandishi matupu lenye jina la kitabu, mtunzi, aliyenakili, tarehe na mwenye hati, na faili jingine la alama za ukaguzi. Alama ya ukaguzi ni mfululizo mfupi wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na faili zima. Faili likiharibika hata kidogo, alama haitalingana tena. DSpace hukokotoa alama hiyo kila faili linapoingia, na ina chombo cha kuzikagua baadaye, ingawa ni wachache wanaokiwasha. Pia inaweza kutoa kila hati kama furushi la zip lenye mafaili pamoja na maelezo yake, na kutoa maelezo yote kwa CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Kwa hiyo kazi hii haihitaji kununua kitu.

Wazo hili la kusomeka bila programu si langu. Wenzetu wa Fedora, ile programu ya hazina iliyoanzia vyuo vya Cornell na Virginia, wala siyo Fedora ya Linux, walipata tabu kubwa walipotoka toleo la 3 kwenda la 4. Wengi waligoma kuhama kwa miaka mingi, kwa sababu mafaili yao yalikuwa yanaingia mahali ambapo hayasomeki kwa macho. Jumuiya ikajifunza. Mwaka 2020 ukatoka utaratibu wa OCFL, unaoeleza jinsi ya kupanga mafaili na historia ya mabadiliko yake katika folda za kawaida, na Fedora 6 ya mwaka 2021 ikajengwa juu yake. Ukiniuliza teknolojia ya hazina inaelekea wapi, hapo ndipo ninaponyoosha kidole. Sura ya kumwonyesha msomaji itabadilishwa tena na tena, na chini yake mafaili yatakaa mahali pamoja, yamepangwa kiasi kwamba mtu wa miaka hamsini ijayo anayafahamu.

Jambo la pili ni anwani. Angalia kiungo cha hati yenu yoyote. Kama kina 123456789 katikati, Maalim, basi hamna anwani ya kudumu. Hiyo ni namba ya mfano inayokuja na DSpace ili mtu ajaribie, na nimeiona kwenye hazina nyingi za nchi hii zikiwa zimekwisha kunukuliwa katika tasnifu. Haifunguki popote nje ya seva yenu; seva ikibadilisha jina, manukuu yote yamekufa. Mnaweza kusajili namba yenu ya Handle, mfumo wa anwani za kudumu unaotumiwa na DSpace, kwa ada ndogo ya kila mwaka, au mkachukua ARK, anwani ya kudumu ya namna nyingine, ambayo hutolewa bure kwa taasisi inayoomba. Kwa madrasa nashauri ARK, kwa sababu ada ya kila mwaka ndiyo jambo la kwanza kusahauliwa mfadhili akiondoka.

Na maelezo ya hati. Hapa nina jambo ambalo mafundi wa mbali hawataliona, wewe utaliona mara moja. DSpace hutarajia tarehe za Miladi. Hati iliyonakiliwa mwaka 1312 Hijria, mwingizaji akiandika 1312 vile vile kwenye sehemu ya tarehe, programu itaipanga kana kwamba ni ya karne ya 14, wakati ni ya 1894 au 1895. Hati inazeeshwa miaka 580 na zaidi, na mtafiti atakayetafuta hati za zama za Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeanzisha Msikiti wa Riyadha wa Lamu, hataiona. Wekeni sehemu mbili: ya Miladi ile ya kawaida, na ya kwenu ya Hijria kama ilivyoandikwa kwenye hati. Vivyo hivyo kichwa cha kitabu, kiingizwe kwa khati ya Kiarabu na kwa herufi za Kirumi, vyote viwili. Majina ya watu mkubaliane tahajia moja na muiandike mahali. Kazi hii inakwenda polepole na hakuna mtambo utakaowafanyia vizuri. Ndiyo sehemu ya hazina yenu isiyozeeka, na inataka mtu ajuaye hati kuliko ajuaye kompyuta.

Tufanye hesabu ya nafasi, maana mfadhili ataiuliza. Picha ya kamera ya megapikseli 24 ikihifadhiwa kama TIFF ya kawaida isiyobanwa hula MB 72. Mara kurasa elfu tisa ni GB 648. Inaingia kwenye diski moja ya TB 1 na nafasi inabaki. Wekeni nakala tatu: moja hapo Langoni, moja bara, Malindi au Mombasa, kwa taasisi mnayoiamini, na ya tatu mbali zaidi, kwenye seva ya kukodi. Ile ya Langoni isikae kabatini miaka kumi. Hewa ya chumvi mnaijua inavyokula kitasa na bawaba, na diski nayo haisalimiki. Muibadilishe kila baada ya miaka minne au mitano na muiweke kwenye bajeti kabisa.

Usione ninatia chumvi kusema tatu. Hati za Msikiti wa Riyadha hapo hapo Lamu zilipigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na asili zikabaki Lamu, kama taratibu za mradi ule zinavyotaka. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilivamiwa na wahalifu wa mtandaoni, na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi. Ni maktaba kubwa, yenye wataalamu na fedha. Kama lao liliwezekana, la chumba kimoja cha madrasa linawezekana pia, na aliye na hati mkononi na nakala nyingine pembeni ndiye anayelala usingizi.

Sasa la kuhama au kubadilisha programu. Programu nyingine nzuri zipo. EPrints ya chuo cha Southampton ilianza mwaka 2000 na bado ipo. InvenioRDM imetoka CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, na Zenodo, hazina yao ya wazi, ilihamia huko Oktoba 2023. Omeka, iliyoanzia chuo kikuu cha George Mason, ni nyepesi, inakwenda kwa PHP, na inafaa kwa maonyesho ya mikusanyo midogo. Kama mngekuwa mnaanza leo, na hamna fundi, ningesema mwitazame Omeka kwanza. Lakini mmeshaanza, na vyuo vikuu vingi vya Kenya vinatumia DSpace, maana yake mkikwama kuna mtu wa kumpigia simu anayezungumza lugha yenu. Hilo kwangu lina uzito kuliko sifa yoyote ya programu. Hameni kwenda toleo la karibuni, msipambe, nembo ya madrasa na rangi moja vinatosha, na msimbo usiguswe hata kidogo. Chochote mnachotaka kubadilisha kifanyike kwenye mafaili ya usanidi. Hifadhidata yenyewe huhamishwa kwa amri moja inayopandisha hatua kwa hatua. Jaribuni kwanza kwenye mashine ya pembeni yenye nakala, siyo kwenye seva yenyewe.

Seva ya kuendeshea toleo hilo isiwe na kumbukumbu chini ya GB 8, na kusema kweli na hiyo itabanwa. Matoleo mapya yana uzito: kuna Java, Solr ya utafutaji, PostgreSQL na Node ya kuendesha sura, vyote pamoja. Sioni sababu ya seva hiyo kukaa Langoni. Umeme ukikatika hazina inazimika, na siku hizi kuna roboti zinazokusanya maandishi kwa ajili ya akili mnemba, zinazogonga hazina usiku na mchana, zikifungua kila ukurasa wa utafutaji na kila mchanganyiko wa vichujio mpaka seva inalala. Matoleo ya karibuni yamepunguziwa kazi kwenye kurasa hizo, na fundi anaweza kuweka kikomo cha maombi kwenye Nginx, programu inayopokea wageni mbele ya DSpace, lakini laini ndogo ya intaneti ya kisiwani haiwezi kubeba mzigo huo. Tafuteni chuo kikuu cha pwani kiwape nafasi kwenye seva yake. Vyuo hivi vimeunganishwa na KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa nchi, wenye umeme na laini za kuaminika. Mwandikiane mkataba wa ukurasa mmoja: hati ni zenu, mnaweza kuondoka na furushi lote wakati wowote, na chuo hakiongezi wala hakifungui hati iliyofungwa bila ruhusa yenu. Hilo la kufungwa mlizingatie. Kuna hati za mirathi na za siri za nyumba za watu ambazo kuhifadhiwa ni wajibu na kuanikwa mtandaoni si halali, na DSpace inaweza kuzuia hati moja moja, hata faili moja moja.

Katika bajeti, mwombe mfadhili alipie mtu. Wafadhili wengi hupenda kununua mashine kwa sababu mashine inapigwa picha. Kijana wenu alipokwenda Nairobi hakukosea, alikwenda kutafuta riziki. Kosa lilikuwa elimu yote kukaa kichwani mwake. Wafundisheni wawili, na mmoja awe mwanamke anayeishi Lamu na asiye na nia ya kuhama, na kila wanachokifanya kiandikwe kwa Kiswahili kwenye daftari la karatasi linalokaa pamoja na hati.

Nimeacha la mwisho lile uliloliuliza kwa uchungu, kwamba wanaoitengeneza wako mbali na hamwajui. Msimbo wa DSpace uko wazi chini ya leseni ya BSD. Shirika lisilo la faida la Marekani, LYRASIS, ndilo linaloilea tangu lilipoungana na DuraSpace mwaka 2019. Taasisi zinazolipa uanachama huwa na sauti katika kamati za uongozi. Hamna fedha hizo, na si lazima muwe nazo, kwa sababu kutoa taarifa ya kasoro ni bure, na kutafsiri ni bure. Maneno yote ya sura ya programu yamo kwenye faili moja kwa kila lugha, mstari kwa mstari. Mwanafunzi mmoja aliyemaliza sekondari na maalim mmoja mwenye lugha wanaweza kulifanyia kazi bila kujua Java.

Tena mna kitu ambacho waandishi wale hawana. Mna Kiswahili halisi kwa khati ya Kiarabu, chenye herufi za p, ch na v ambazo Kiarabu hakina, na ambazo kila mnakili wa Lamu, Pate na Siyu ameziandika kwa namna yake. Ingizeni vichwa ishirini vya namna hiyo kwenye toleo la majaribio. Vitafuteni. Vile visivyopatikana, au vinavyopinduka mstari vikichanganywa na herufi za Kirumi, viandikieni ripoti pamoja na picha ya skrini. Ripoti ya namna hiyo, yenye mfano unaoweza kurudiwa, ndiyo inayomfanya mtu aliye mbali afungue msimbo na kurekebisha. Nimeshaona ikitokea.

Kwa juma hili, kabla ya mpango wowote, nakuomba matatu. Mpigie simu yule kijana akupe nywila akiwa bado anazikumbuka. Mwambie akuelekeze kutoa nakala ya hifadhidata, na muiweke pamoja na nakala ya assetstore kwenye diski mpya mbili, moja ivuke kwenda Mokowe, bara. Kisha fungua hati moja unayoijua vizuri, uniandikie kiungo chake kilivyo, tarakimu kwa tarakimu, nami nitakwambia tuanzie wapi.